Waya wa Kijani na Viatu vya Mlangoni

Vijana wangu mnaokuja kwangu na picha kwenye simu, mkitaka kujua namna ya kugeuza kabati la zamani la gemu liwe la kisasa, nawajibu wote hapa kwa pamoja. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja na kuwaona mkiitikia kwa kichwa huku macho yako kwingine. Mnaniuliza habari za kioo, kompyuta na vitufe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya waya wa kijani wenye mstari wa njano, ule mafundi tunaouita ethi, unaotoka kwenye mabati ya mashine kwenda kuzama ardhini. Huo ndio nataka kuwaeleza, na sina matumaini makubwa kwamba mtanisikia. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mtu aliyeijua kazi yake, na bado niliukata.

Jina langu ni Angolile. Nimetengeneza redio, TV, pasi na kila kitu chenye waya hapa Tukuyu kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Siku niliyodondosha tone la risasi ya kulehemu, imeyeyuka, kwenye suruali ya mteja, na mteja mwenyewe yumo ndani ya suruali hiyo, nilijua saa yangu imefika. Nikafunga banda. Mteja alipona, ila hadi leo tukikutana sokoni anakaa upande wa pili wa meza.

Aliyenifundisha ni Fundi Salumu, ambaye alikuwa na chumba kimoja cha kazi jirani na sokoni. Alikuwa mtu mpole mwenye masharti. Sharti la kwanza lilikuwa kwamba ukifungua TV ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine unapita kifuani, alisema, na kifuani ndiko kuna moyo wako. Siku yangu ya kwanza nilivaa suruali isiyo na mifuko. Akanirudisha nyumbani nikatafute yenye mifuko, na nyumbani kwetu kulikuwa Suma, kwa miguu, kwenye mvua. Nilirudi mchana nimelowa chapachapa, nimevaa suruali ya kanisani ya baba.

Sharti la pili nilijifunza kwa njia mbaya. Nilidhani TV iliyochomolewa tangu juzi imekufa. Nikaingiza bisibisi nyuma ya kioo, na kilichofuata ni kwamba nilijikuta nimekalia kikapu cha maparachichi cha mama mmoja aliyekuja kuchukua redio yake. Kioo cha namna ile hutunza umeme kama mtu anavyotunza kinyongo. Fundi Salumu alimlipa mama yule maparachichi yake, akanionyesha jinsi ya kuumwaga ule umeme kwa bisibisi iliyofungwa waya unaokwenda kwenye fremu ya bati, halafu akaniambia niendelee na kazi. Hakunicheka. Ningependa angalau angenicheka.

Sasa nije kwenye kabati lenyewe.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimeshastaafu, alikuja kwangu dada mmoja anaitwa Sekela. Alikuwa amerudi kutoka Suma alikolelewa na shangazi yake, akafungua tena mgahawa wa marehemu mama yake pale Bulyaga. Ndani ya stoo alikuta kabati la gemu, lile la mbao lililo refu kumzidi mtu, lenye kioo juu, ubao wa bati wenye vitufe katikati, na mlango mdogo wa chuma chini unapotumbukiza sarafu. Lilikuwa limefunikwa na magunia tangu yeye akiwa darasa la tatu. Alitaka nitoe vile vya zamani niweke kioo bapa na kompyuta ndogo, ili watu wanaosubiri ndizi zao wawe na cha kuchezea. Alinisalimia vizuri, akakaa, akasema watu wamemwambia mashine ile naijua mimi.

Naijua. Niliitikia haraka kuliko ilivyo kawaida yangu, na sababu ilikuwa moja tu. Nilitaka niwe mimi wa kuifungua, asiifungue mwingine.

Nilipoinua ubao wa nyuma, Sekela akanimulikia kwa simu yake. Nikauona. Mkia wa waya wa kijani na njano, umekatwa, umekunjwa, umezungushiwa utepe mweusi, na juu ya utepe umefungwa uzi wa kushonea. Hakuna fundi mwingine Tukuyu aliyekuwa akifunga uzi juu ya utepe. Fundi Salumu ndiye alinifundisha, kwa sababu unyevu wa huku hulegeza gundi na utepe unajivua wenyewe. Waya nilioukata ulikuwa umefungwa vizuri sana.

Mama yake Sekela aliitwa Tusajigwe. Alikuwa mjane, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, na kitu alichokipenda kuliko vyote kwenye mgahawa wake kilikuwa sakafu. Aliimwaga kwa saruji nyekundu na kuipiga nta mpaka ukajiona. Nyie mnaijua mvua ya hapa na matope yake. Kwa hiyo alitoa amri kwamba hakuna kuingia na viatu. Mabuti, yeboyebo, kandambili, vyote vilikaa mlangoni kwa safu, na watu walitii kwa sababu ndivyo tunavyofanya hata majumbani kwetu, na kwa sababu ndizi zake zilikuwa tamu. Hata mchungaji alikula pale akiwa na soksi.

Kabati lilipokuja, likiwa limenunuliwa kwa mtu aliyefunga ukumbi wake wa gemu Mbeya, niliitwa nilifufue. Niligundua kwamba lilitengenezwa nchi ambayo umeme wao ni nusu ya wetu, hivyo ndani yake kuna transfoma ya kushusha. Nikaiacha transfoma, nikatoa kioo kilichokufa, nikaweka cha TV ya kichogo, nikapitisha waya mpya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, kando ya ule mlango wa chuma wa sarafu. Tundu la bati nilipoupitishia lilikuwa na makali. Fundi Salumu hakuwahi kupitisha waya kwenye bati bila kuweka pete ya mpira. Mimi siku ile sikuwa na pete ya mpira, na watu walikuwa wameshapanga foleni kucheza.

Wiki moja baadaye Tusajigwe akaniita. Akaniambia mashine yangu inauma. Kweli, ukigusa bati la vitufe ulisikia ganzi ndogo, kama unapolalia mkono. Nilipima, nikapindua, sikuona kasoro ndani ya mashine. Sikuona kwa sababu haikuwamo humo. Ilikuwa kwenye friji la soda, lililochomekwa pamoja na kabati kwenye ekstensheni moja. Friji lilikuwa linavujisha umeme, na soketi ya ukutani ilikuwa na tundu la ethi ambalo nyuma yake halikuunganishwa na chochote. Umeme ule wa friji ulipokosa njia ya kwenda ardhini, ukapita kwenye waya wa kijani na kuja mpaka kwenye vitufe. Hayo nayajua leo. Siku ile nilitoa koleo, nikaukata ule waya wa kijani wa kabati, na ganzi ikaisha hapohapo.

Tusajigwe akagusa bati kwa kidole kimoja, halafu kwa kiganja kizima. Akafurahi. Lakini alikuwa mwanamke wa kuuliza, akauokota ule mkia wa waya akauangalia.

"Na huu ulioukata, fundi, haukuwa na kazi?"

"Mama, mbona inawaka?" nikamwambia.

Nikafunga utepe, nikafunga uzi, nikala ndizi zangu, nikaondoka. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mlango wa sarafu ulifunguliwa na kufungwa kila siku. Kila ulipofunguka, bati lilisugua ule waya wa moto kidogo. Ilichukua miezi. Waya wa kijani ungekuwepo, na umefika ardhini inavyotakiwa, siku bati lilipoufikia moto fyuzi ingekatika, mashine ingezima, Tusajigwe angeniita na kunigombeza mpaka barabarani wasikie. Natamani sana ugomvi ule. Badala yake mashine iliendelea kuwaka, bati lote limejaa umeme, linamsubiri mtu wa kwanza mwenye miguu mitupu kwenye sakafu iliyolowa.

Mtu huyo alikuwa yeye. Asubuhi, kabla ya wateja, ameshapiga deki, anafuta vitufe kwa kitambaa kibichi. Waliponiita nilikuta mtu ameshachomoa plagi, na haikuwa na maana tena.

Kwenye msiba watu walisema ni friji. Kuna aliyekumbuka kwamba friji lile lilikuwa linapiga, wakalitoa nje na kulitupa nyuma ya choo, wakalipiga na mawe. Nikawaacha. Friji lilikuwa na kosa lake, na mimi nikajificha nyuma ya kosa hilo. Nilikwenda na wanaume wengine Kisiba kuchimba kaburi, nyuma ya migomba ya kwa mumewe, na nilichimba zaidi ya wote, mpaka wakaninyang'anya jembe wakidhani ni majonzi. Kabati nililifunika magunia kwa mikono yangu nikashauri liwekwe stoo. Fundi Salumu aliniuliza mara moja tu kama ethi niliiangalia. Nikasema niliiangalia. Akaenda kuswali, na hakuniuliza tena mpaka anafariki.

Sasa mko na mimi nyuma ya lile kabati, Sekela ameshika simu, mwanga umetua kwenye uzi wangu.

Akauliza kama mama yake alivyouliza. "Na huu, taata, ni wa nini?"

Huku kwetu mzee anaitwa taata, yaani baba. Nilikaa chini sakafuni. Nikamweleza yote, kuanzia ganzi mpaka magunia, bila kulilaumu friji wala mtu mwingine. Sikulia mbele yake, maana kulia kungekuwa ni kumwomba anibembeleze. Alizima taa ya simu. Stoo ikawa giza, kukiwa mchana nje.

"Aliumia?" akaniuliza.

Nikasema hapana, ilikuwa ghafla. Sijui kama ni kweli. Nimejiuliza kila siku.

Akawasha tena taa. "Basi malizia kazi," akasema.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hata kama ni hapa peke yake. Kazi ile niliifanya kwa siku nne, na ndiyo kazi pekee ya maisha yangu ambayo Fundi Salumu asingepata cha kurekebisha. Niliumwaga umeme wa kioo cha zamani, mkono wa kushoto mfukoni, kisha nikakitoa chote na transfoma yake, maana kompyuta na kioo bapa vinakula umeme wetu ulivyo, na ukiacha transfoma ndani ipo siku mtu atachomeka kitu mahali pasipo pake. Nyaya zote za zamani niling'oa, hata zilizoonekana nzima. Waya wa moto niliupitisha kwanza kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi, ili ukizima mashine uwe umezima moto wenyewe, siyo nyutro, ule waya wa kurudishia umeme. Kila tundu la bati niliweka pete ya mpira. Kila waya niliufunga usicheze.

Halafu ethi. Nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa, kwa sababu rangi haipitishi umeme, na wengi wenu mnafunga skrubu juu ya rangi mkadhani mmemaliza. Ubao wa vitufe una waya wake wa kijani. Mlango wa sarafu una wake, tena mlegevu kidogo ili ufunguke bila kuukata, na usiziamini bawaba, bawaba ina kutu. Fremu ya kioo ina wake. Vyote vinakutana kwenye boliti moja, na kutoka hapo kwenda kwenye mguu mrefu wa plagi. Kisha unachukua mita ya kupimia, ile inayolia njia ikiwa nzima, ncha moja kwenye mguu wa plagi, nyingine unagusa skrubu moja baada ya nyingine. Mita ikinyamaza hata kwenye skrubu moja, hujamaliza.

Na plagi peke yake haitoshi, kama mlivyoona. Nilifuata nyuma ya soketi ya ukutani, nikatoa waya mpya mpaka nje, nikapigilia nondo ya shaba ardhini karibu na mfereji wa maji ya mvua, mita moja na nusu, mimi mwenyewe kwa nyundo, na mikono hii. Sekela alitaka kuita mtu anisaidie. Nikamkatalia. Mwisho niliweka ile breka inayokata yenyewe umeme ukivuja, nikamwonyesha kitufe chake cha majaribio, nikamwambia akibonyeze kila mwezi, na ikikata asiilaumu, atafute kifaa kinachovujisha.

Aliponisindikiza alisema, "Ndaga fijo, taata." Asante sana. Nililala usiku ule, na nawaambieni, nilikuwa sijalala kwa miaka.

Mwezi uliopita nilipita pale kula ndizi. Kwa mazoea nikazunguka kwanza nje kuiangalia nondo. Palikuwa na shimo. Mtu ameing'oa, ameiuza kwenye vyuma chakavu, na ule waya wa kijani umebaki unaning'inia ukutani, ncha yake ikigusa hewa. Nikaingia kuangalia breka. Haikuwepo, nyaya zimeunganishwa moja kwa moja. Sekela akanieleza bila kuficha. Nondo iliibiwa, akaweka nyingine, ikaibiwa tena. Breka ilikuwa inakata kila mvua ikinyesha, na huku mvua haina likizo, ikafika siku wateja wanakula gizani, fundi kijana akaja akaiondoa. Fundi huyo ni mmoja wenu. Sitamtaja, anajijua.

Nikamwambia Sekela azime mashine, maana breka ilikuwa inakata kwa sababu kuna kinachovujisha, na sasa umeme huo utakuja kwenye vitufe. Akaniangalia, siyo kwa ubishi, kwa kuchoka tu, kama mtu aliyekwisha kujaribu.

"Lakini taata," akasema, "mbona inawaka?"

Nilimwomba basi angalau aruhusu watu waingie na viatu vyao, kandambili ya mpira tu, inatosha kumwokoa mtu. Hapo ndipo akakataa kabisa. Alisema sakafu ile ni ya mama yake. Mama hakutaka tope litue pale, na yeye hana kitu kingine cha mama anachoweza kukifanya kila siku.

Nilitoa koleo mfukoni nikaikata plagi, nikaondoka nayo. Hakunizuia. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alikuwa mwema, akasema twende tukaone, tukafika, akavua viatu mlangoni, akaingia. Alikuta plagi mpya imeshafungwa. Akacheza kidogo, akashindwa, akacheka, akasema mbona mashine haina neno.

Wiki iliyopita nilirudi. Mvua ilikuwa inanyesha, viatu vimejaa mlangoni, na sauti ya gemu naisikia tangu barabarani. Sikuvua mabuti yangu. Niliingia nayo na matope yake mpaka katikati ya sakafu nyekundu, nikawaambia waliokuwemo wavae viatu vyao, mashine hii iliua mtu. Wakanitazama kama mzee aliyekunywa. Sekela alichukua ndoo na kitambaa, akaja nyuma yangu miguu mitupu, akaanza kufuta nyayo zangu moja moja, akirudi nyuma kuelekea kwenye kabati.

Nikatoka kabla hajaligusa bati, ili asiwe na cha kufuta.

Mikono yangu haiwezi tena kupigilia nondo. Mwenye mikono mizima kati yenu anajua mgahawa ulipo. Na nyie wengine, mkienda kula pale Bulyaga mkakuta viatu mlangoni, msivue vya kwenu.